Msongamano na Mkwamo: Istilahi Mbili katika Mitandao ya Chipu

Katika mazungumzo ya kila siku, 'msongamano' na 'mkwamo' hutumiwa aghalabu kwa maana moja. Mfasiri wa matini za kompyuta hana uhuru huo, kwani akiyachanganya maneno haya huipotosha hoja nzima.

Ndani ya chipu yenye vichakataji vingi, data husafiri katika pakiti, kutoka kituo hadi kituo, kupitia vijia vilivyopangwa mithili ya matundu ya wavu. Pakiti zikiwa nyingi mahali pamoja, hungojana. Huo ni msongamano, nao hupungua kadiri za mbele zinavyoondoka. Mkwamo ni tofauti. Pakiti nne zilizounda duara, kila moja ikishikilia nafasi inayohitajiwa na iliyo nyuma yake, hazitasogea hata zingoje milele.

Ajabu ni kwamba dawa ya msongamano yaweza kuleta mkwamo. Katika uelekezaji badilifu, pakiti huchagua njia isiyo na shughuli nyingi. Lakini uhuru wa kukata kona yoyote ndio unaoruhusu duara kufungika. Kinga iliyozoeleka ni kuzilazimisha pakiti zimalize safari ya mlalo kabla ya kuanza ya wima. Kanuni hiyo hukataza kona nne kati ya nane zilizopo, wala haiachi hiari yoyote.

Mnamo 1992, Christopher Glass na Lionel Ni walionyesha kuwa yatosha kukataza kona mbili: moja ya duara la kulia, nyingine ya duara la kushoto. Si jozi yoyote, hata hivyo. Kati ya jozi 16, ni 12 tu zilizo salama, kwa kuwa kona tatu za kushoto huigeuza pakiti sawa na kona moja ya kulia, na duara lililokatwa huweza kuungika kwa mlango wa nyuma. Mojawapo ya kanuni zao huitaka pakiti iende magharibi kwanza. Kasoro yake ni upendeleo: iendayo mashariki ina hiari, iendayo magharibi haina. Ge-Ming Chiu aliupunguza upendeleo huu mwaka 2000 kwa kutofautisha makatazo ya safuwima shufwa na witiri.

José Duato naye alithibitisha, mwaka 1993, kuwa duara laweza kuachwa lilivyo, mradi kila pakiti ibakiwe na njia ya kuponyokea isiyo na duara.

Ipo hali ya tatu: pakiti isogeayo daima bila kufika. Huo si msongamano wala mkwamo. Kitenzi 'tangatanga' tayari kinabeba maana hiyo. Kinachosalia ni kukiundia nomino.