Kutoka Karatasi Hadi Helmeti: Somo la Jiometri na Kemia

Karatasi ya manila itumiwayo shuleni ina unene wa takriban robo milimita. Mwanafunzi huweza kuichana kwa vidole viwili, na maji kidogo hutosha kuilegeza. Hata hivyo karatasi hiyo hiyo, ikipimwa na kukatwa vyema, ikakunjwa na kushibishwa resini, yaweza kugeuka gamba gumu la kuvaliwa kichwani jukwaani, likaanguka sakafuni pasipo kubonyea. Huko Japani, Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 2000, mashabiki wa filamu na michezo ya kompyuta wamekuwa wakitengeneza kwa njia hii helmeti za askari na wanaanga wa kubuniwa. Kikundi cha maigizo cha shule kinachohitaji maleba kinaweza kufanya vivyo hivyo.

Kazi yenyewe ni ya burudani. Lakini ndani yake mna jiometri iliyowashughulisha mabingwa wa hisabati kwa karne kadhaa, mna kemia ya polima, na mna hatari mbili zisizo za mzaha: ya kwanza ni resini kabla haijaganda, na ya pili ni helmeti yenyewe ikishakamilika.

Tufe halikunjuki

Ganda la chungwa likibandikwa juu ya meza na kukandamizwa kwa kiganja, hupasuka. Bomba la karatasi, kinyume chake, likichanwa kwa urefu hulala bapa bila kukunjamana, na pia ya karatasi hufanya vivyo hivyo. Tofauti hii haitokani na ugumu wa ganda. Mwaka 1827 Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba upindo wa uso, kwa namna alivyoupima yeye, haubadiliki uso unapokunjwa pasipo kuvutwa wala kufinywa. Upindo wa bomba kwa kipimo hicho ni sifuri, sawa na wa karatasi bapa. Wa tufe si sifuri. Kwa hiyo hakuna ustadi wa mkono utakaoigeuza karatasi bapa kuwa tufe kamili, na ndiyo sababu wachoraji wa ramani, akiwemo Mercator aliyetoa ramani yake ya dunia mwaka 1569, hawakuweza kuepuka kuzidisha au kupunguza baadhi ya vipimo vya nchi na bahari.

Fundi wa karatasi hulikwepa tatizo hili kwa kulikaribia tufe badala ya kulifikia: huunda umbo la nyuso bapa nyingi ndogo. Kumchora mchemraba na maumbo ya jamii yake yakiwa yamekunjuliwa juu ya ukurasa si jambo geni. Albrecht Dürer alichapisha michoro ya namna hiyo katika kitabu chake cha vipimo, mjini Nuremberg, mwaka 1525. Lililo muhimu zaidi kwa mwanafunzi ni kanuni iliyogunduliwa na Mfaransa René Descartes (1596–1650), ambayo ilikaa katika karatasi zake bila kuchapishwa hadi mwaka 1860.

Kanuni ni hii. Chukua kipeo kimoja cha umbo, ujumlishe pembe zote zinazokutana hapo, kisha utoe jumla hiyo katika digrii 360. Kinachobaki ni pengo la kipeo. Jumla ya mapengo ya vipeo vyote vya umbo lolote lililofumbika kama mpira ni digrii 720, hapana zaidi, hapana pungufu. Kwa mchemraba, pembe tatu za digrii 90 hukutana katika kila kipeo, jumla 270, pengo 90; vipeo ni 8, na 8 mara 90 ni 720. Umbo lenye pembetatu sawa 20 lina vipeo 12, kila kimoja na pembe tano za digrii 60. Pengo ni 60, na 12 mara 60 ni 720 vilevile. Mwalimu aifanyishe kazi hii darasani kwa karatasi na mkasi kabla ya kuieleza ubaoni, kwani wanafunzi wengi hawaiamini mpaka waone.

Kwa mtengenezaji wa helmeti, pengo lina maana dhahiri: ni ufa utakaoonekana kiolezo kinapolazwa bapa. Utosi ulio nusu tufe una mapengo ya jumla ya digrii 360, ambayo yanaweza kugawanywa katika vipeo vichache vyenye ncha kali au vingi visivyoonekana. Iwapo jumla ya pembe kwenye kipeo yazidi 360, uso hapo hujipinda kama tandiko la farasi. Hali hiyo hutokea pale shingo ya helmeti inapotanuka kuelekea mabegani.

Siku hizi programu za kompyuta hukunjua maumbo magumu kwa dakika chache. Ile maarufu zaidi, Pepakura Designer, ilitoka Japani, na jina lake ni matamshi ya Kijapani ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya ufundi wa karatasi. Umbo huwakilishwa kwa pembetatu, nayo programu huzipanga juu ya kurasa na kuzipa kingo namba ili ukingo wa 47 ugundishwe na mwenzake wa 47. Pembetatu zikiongezwa, umbo hulainika, lakini saa za kukata huongezeka. Programu hizo ni msaada mkubwa, ila mwanafunzi anayeanza nazo hukata na kugundisha asijue ni kwa nini vipande vinakubaliana. Ni afadhali helmeti ya kwanza ichorwe kwa mkono.

Tuseme yahitajika helmeti ya mwanaanga yenye utosi wa nusu tufe, nusu kipenyo sentimita 15. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 57 kina kipenyo cha wastani cha sentimita 18 hivi, kwa hiyo patabaki nafasi ya kutosha ya sponji. Utosi utaundwa kwa vipande 12 vilivyo vipana chini na vyenye ncha juu. Mzingo wa duara la chini ni 2 × 3.142 × 15, yaani sentimita 94.2, upana wa kila kipande kwenye ukingo wa chini ni 94.2 ÷ 12, yaani 7.85. Urefu wake ni robo ya mzingo, sentimita 23.6. Katikati, upana hufuata kosaini ya pembe ya kupanda: kwenye digrii 30, ambazo ni sentimita 7.85 juu ya ukingo, upana ni 7.85 × 0.866 = 6.80, kwenye digrii 60, sentimita 15.7 juu, ni 3.93, nchani ni sifuri. Nukta hizi zikiunganishwa kwa mstari uliopinda taratibu, kiolezo kimepatikana. Chini ya utosi hugundishwa ukanda wa upana wa sentimita 12 na urefu wa 94.2, ambao hukatwa tundu la uso.

Kila kipande kiachiwe ulimi wa nusu sentimita wa kugundishia, na mikunjo ichorwe kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino ili karatasi ikunjike mahali itakiwapo. Mtindo wa majaribio utengenezwe kwa karatasi hafifu na kujaribiwa kichwani, kwani kosa la vipimo ni ghali baadaye: kipimo cha urefu kikizidi kwa asilimia 10, eneo, na hivyo resini, huzidi kwa asilimia 21, na ujazo kwa asilimia 33.

Resini na kigandishi chake

Nguvu ya karatasi yatokana na nyuzi za selulosi zilizoshikamana kwa mivutano midogo ya hidrojeni, na maji huingia kati ya nyuzi hizo na kuitengua. Resini ya poliesta haina maji. Huingia katika karatasi bila kuivunja hivyo, ingawa uzito wake huweza kuibonyeza. Kwa sababu hiyo vijiti vya karatasi hukingamishwa ndani ya helmeti kabla ya kupakwa, na mpako wa kwanza huwa mwembamba.

Resini hii ndiyo ile itumiwayo kuundia boti za faiba na kuzibia bodi za magari. Ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoyeyushwa katika kimiminiko kiitwacho stairini. Kigandishi, ambacho ni peroksaidi, kikitiwa, huvunjika na kutoa radikali huru. Hizo huamsha bondi maradufu za stairini na za minyororo, na stairini hugeuka madaraja yanayofunga mnyororo mmoja na mwingine. Wavu mmoja mkubwa huzaliwa, nao hauyeyuki tena hata ukipashwa moto.

Kipimo cha kigandishi ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Kwa gramu 100 za resini na asilimia 1, ni gramu 1 tu, na bomba la sindano lisilo na sindano ndicho chombo kifaacho kuipima. Kupungukiwa sana huacha resini isiyokomaa kamwe. Kuzidisha huharakisha mno na kudhoofisha gamba. Katika joto la pwani kipimo cha chini ndicho kifaacho, kwani kwa makadirio ya wanakemia kila nyongeza ya digrii 10 hukaribia kuongeza kasi ya mmenyuko mara mbili.

Mmenyuko huu hutoa joto. Resini iliyoenea juu ya karatasi hulipoteza hewani kwa urahisi, lakini iliyojaa kikombeni ina ujazo mkubwa na uso mdogo. Hujipasha, hutoa moshi, na yaweza kuyeyusha kikombe. Wengi hushangaa pia kuona mpako uliokwisha kuganda ukinata kwa juu. Sababu yake ni oksijeni ya hewa, ambayo huzinasa radikali za usoni kabla hazijafanya kazi. Unataji huo si kasoro, kwani mpako wa pili hushikamana vizuri juu yake.

Baada ya mpako wa nje kukauka, ndani huwekwa tabaka mbili za mkeka wa nyuzi za kioo wenye gramu 300 kwa mita mraba. Eneo la helmeti yetu ni karibu robo ya mita mraba, hivyo mkeka utakuwa gramu 150, na resini yake, mara mbili na nusu ya uzito huo, gramu 375. Nyuzi huhimili mvuto, resini huzishikilia mahali pake. Tuseme unene umefikia milimita 1.25, mara tano ya manila. Na kwa kuwa ukakamavu wa bamba hufuata unene kipeo cha tatu, unene peke yake umeuzidisha mara 125. Kisha hufuata fila, msasa kuanzia wa chembe kubwa hadi laini, na rangi. Hatua hizo hutaka subira kuliko elimu.

Tahadhari

Wanafunzi na wafanye kazi ya karatasi. Resini na ishikwe na mwalimu au fundi aliyeizoea, nje, penye upepo. Kigandishi kikiingia jichoni huweza kupofusha; jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi yatiririkayo kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Miwani ya kinga na glavu si hiari. Baadhi ya resini huuzwa pamoja na kiharakishi cha kobalti katika chupa ya pekee: kiharakishi hicho na kigandishi visichanganywe moja kwa moja kamwe, kwani hulipuka.

Mvuke wa stairini ni mzito kuliko hewa na huweza kushika moto kuanzia joto la takriban digrii 31 za Sentigredi, joto ambalo Mombasa na Dar es Salaam hulifikia mchana katika miezi ya kaskazi. Mwaka 2018 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha puani hakiuzuii mvuke huo. Kinachouzuia ni barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu. Vumbi la msasa lizuiwe kwa kusugua kwa maji. Mabaki ya resini yaachwe yagande nje katika kopo la bati, yasimwagwe mferejini.

Shule isiyo na vifaa hivyo isione haya kutumia magazeti na gundi ya unga wa ngano, tabaka sita au saba, kila moja ikikaushwa juani. Gamba litaogopa mvua, lakini jukwaani hakuna atakayelitambua.

Helmeti ya kuigiza na helmeti ya kweli

Gamba hili, kwa ugumu wake, humshawishi kijana kulivaa akipanda bodaboda. Hesabu fupi yaonyesha hatari yake. Kichwa kikianguka kutoka urefu wa mita 1.5 na kusimamishwa ndani ya milimita 5, mchapuko wa wastani wa kusimama ni 1.5 ÷ 0.005, yaani mara 300 ya ule wa mvutano wa dunia. Kikisimamishwa ndani ya milimita 25 ni mara 60. Helmeti ya pikipiki ina povu nene la polistirini ambalo hupondeka na kuirefusha safari hiyo fupi ya kusimama. Gamba la karatasi na resini halipondeki hivyo, na sponji laini hugandamizwa likaisha kabla halijafanya kazi ya maana. Ni vema ndani yake yaandikwe kwa rangi nyekundu maneno haya: KWA MAIGIZO TU.

Mazoezi

1. Umbo lenye pembetatu sawa 8 lina vipeo 6. Tafuta pengo la kila kipeo na uonyeshe kwamba jumla ni digrii 720.

2. Nusu tufe la nusu kipenyo sentimita 14 litaundwa kwa vipande 16. Tafuta upana wa kipande kwenye ukingo wa chini na kwenye digrii 45.

3. Ni gramu ngapi za kigandishi zitahitajika kwa gramu 250 za resini, kwa kipimo cha asilimia 1.5?

4. Kichwa kinaanguka kutoka mita 2. Linganisha mchapuko wa wastani kikisimamishwa ndani ya milimita 4 na ndani ya milimita 20.

5. Kata duara la karatasi, ulichane hadi katikati, kisha ongeza kipande cha digrii 60 badala ya kukipunguza. Eleza umbo linalotokea, na utaje sehemu ya helmeti inayolifanana.