Maganda ya kahawa ni mali ya kihamba, yasiishie mtoni

Msimu wa kuchuma kahawa umefika kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mkulima, unapolinda ubora wa punje zako, angalia pia yanakokwenda maganda na maji ya kuoshea. Kahawa yetu huanza kuiva wakati wa kiangazi, mito ikiwa imepungua, na uchafu ukiingia kwenye maji machache madhara yake huwa makubwa.

Ulenda wa kahawa una sukari nyingi. Ukifika mtoni, bakteria huula na kumaliza oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa hewa. Sukari ikichacha, maji hupata tindikali, hubadilika rangi na kunuka. Mfereji unaopita kwako ndio huohuo anaonyweshea ng'ombe jirani yako wa chini, na mito mingi ya mlimani huishia Bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua wenzetu.

Msimu huu fanya hivi:

Kwanza, punguza maji. Yale ya kumenyea yatumie tena siku hiyohiyo. Maji safi yaweke kwa ajili ya kuoshea mwisho.

Pili, tenga maganda na maji mara tu unapomaliza kumenya, kwani yakiendelea kulowa yanazidi kutoa sukari. Katika kila kilo 10 za kahawa mbivu, takribani kilo 4 ni maganda. Yalundike pamoja na samadi na majani makavu, funika, na ugeuze kila baada ya wiki mbili. Mboji ikiwa nyeusi na haina harufu kali, ipeleke kwenye mibuni na migomba. Maganda yana potasiamu nyingi, na mgomba unaihitaji sana. Usiyaweke mabichi shinani, kwa sababu hupata joto yanapooza.

Tatu, maji machafu yaelekeze kwenye mashimo yaliyo mbali na mto na visima, na utie chokaa kupunguza tindikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Kwa vyama vya msingi vyenye mtambo wa pamoja, jambo hili lijadiliwe kikaoni kabla mtambo haujawashwa: mashimo yamechimbwa wapi, na nani atageuza mboji? Kazi hiyo ipate mwenyewe kwanza, ndipo kahawa ipokelewe.