SOMO: GRAFU YA MALARIA, TUIPANGE NA TUISOME VIPI?

Katika kituo cha afya huenda umeona ukutani karatasi yenye mstari unaopanda na kushuka. Hiyo inaitwa grafu. Inaonyesha wagonjwa walikuwa wangapi katika siku zilizopita.

Zamani grafu ilichorwa kwa rula na kalamu. Siku hizi huchorwa na kompyuta. Wizara ya Afya ya Rwanda ilianza kutumia programu ya DHIS2 mwaka 2012, na hesabu za vituo vya afya huingizwa humo. Anayechora huchagua mambo matatu. Nasi tuyajue, maana grafu iliyopangwa vibaya inaweza kutufanya tulale bila chandarua.

1. Kipindi: tangu lini hadi lini?

Wengi wetu tuna ndugu waliopanga nyumba Kimironko, mjini Kigali, wilaya ya Gasabo. Tuchukue malaria ya Rwanda kutoka 2017 hadi 2023. Mstari unateremka sana, kutoka wagonjwa zaidi ya milioni 4 kwa mwaka hadi chini ya milioni 1. Anayeiona grafu hiyo peke yake atasema malaria imekwisha.

Sasa tuchore mwaka 2024 peke yake, mwezi kwa mwezi. Mstari unapanda tena, na Gasabo ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizoathirika zaidi. Grafu zote mbili ni za kweli. Ile ndefu inaonyesha faida ya vyandarua, ya kupulizia dawa majumbani na ya kutibiwa mapema. Ile fupi inaonya kwamba mbu wamerudi. Mtu wa Kimironko aliyeona ile ndefu tu angeweza kukunja chandarua chake wakati ule ule alipokihitaji.

2. Kipimo: kwa wiki au kwa mwezi?

Tuseme kartiye moja ilikuwa na wagonjwa 32 mwezi uliopita, na mwezi huu 36. Kwa mwezi, mstari umepanda kidogo tu. Lakini tukihesabu kwa wiki tunapata 4, 5, 3, kisha 24. Wiki ya mwisho kuna jambo! Grafu ya mwezi imelificha, kwa sababu imechanganya wiki nzuri na wiki mbaya. Ukitaka kugundua ugonjwa unapoanza, tumia wiki. Ukitaka kulinganisha miaka, tumia mwezi.

3. Idadi ya watu: wagonjwa kati ya wangapi?

Mwaka 2021 wakimbizi wa kambi ya Gihembe walihamishiwa Mahama. Watu wakiongezeka, wagonjwa nao huongezeka, hata kama ugonjwa haujazidi. Mfano: wagonjwa 60 kati ya watu 3,000 ni 20 kwa kila watu 1,000. Wagonjwa 80 kati ya watu 8,000 ni 10 tu kwa kila 1,000. Hesabu imekuwa kubwa, lakini ugonjwa umepungua. Kwa hiyo, kambi ikipokea watu wapya, grafu ichorwe kwa kila watu 1,000. Tusiwalaumu wageni kwamba wameleta ugonjwa kabla ya kufanya hesabu hiyo.

Tufanye nini?

- Ukionyeshwa grafu mkutanoni, uliza: Ni ya tangu lini? Ni ya wiki au ya mwezi? Ni kati ya watu wangapi? Kuuliza si utovu wa adabu.
- Mtoto akiwa na homa, mpeleke kupimwa siku hiyo hiyo, kabla ya saa 24 kupita. Asiyepimwa haonekani kwenye grafu, na dawa huagizwa kwa kufuata hesabu.
- Mstari ukishuka, endelea kulala ndani ya chandarua. Chandarua ni moja ya sababu zilizoushusha.

Swali la kujipima: Wiki hii kartiye yenu ina wagonjwa 15 kati ya watu 3,000. Ni wangapi kwa kila watu 1,000? (Jibu: 5.)