KABLA YA KULIPIA UKUMBI: JE, KILA MWANACHAMA ATAINGIA?



Vikundi vingi siku hizi hufanya semina, mkutano wa mwaka, au mkutano wa wajumbe kutoka vikundi kadhaa. Katibu hutumwa kutafuta ukumbi, na maswali anayouliza ni yale yale: bei ni ngapi, viti viko vingapi, chai itapikiwa wapi? Ni maswali mazuri. Lakini liko moja ambalo husahaulika: wanachama wetu wenye ulemavu watafikaje, wataingiaje, na watakaaje humo kutwa nzima?

Swali hili si la kuoneana huruma. Katika mkutano wa mwaka ndipo tunapochagua viongozi, tunapogawana faida na kukubaliana nani apewe mkopo. Mama anayetumia kiti cha magurudumu akizuiwa mlangoni na ngazi tatu, pesa zake zitaamuliwa na wengine. Na mchango wake wa kila mwezi ametoa sawasawa na ninyi. Kumwambia "tutakuletea habari jioni" si kumshirikisha.

Tena ni haki yake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika kwa njia inayofaa mahali pote, kupata usafiri wa umma, na kupata habari. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kukagua ukumbi kabla ya kutoa pesa.

Msiridhike na "hakuna shida"

Ukimuuliza mwenye ukumbi kwa simu kama watu wenye ulemavu wataweza kuingia, mara nyingi atakujibu, "Hakuna shida, vijana wako, watambeba." Hilo si jibu. Mtu mzima kubebwa kama gunia mbele ya watu ni aibu, na anaweza kuangushwa akaumia. Halafu je, akitaka kwenda choo? Awaite vijana tena? Wako watu wengi wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa sababu wanajua pale wanapokwenda choo hakifikiki. Mtu wa namna hiyo atafuatiliaje hesabu za kikundi saa nane mchana, na jua ni kali?

Kwa hiyo nendeni mkajionee wenyewe. Chukueni tepu ya kupimia, ile ya fundi, daftari na kalamu. La maana zaidi, nendeni pamoja na mwanachama mwenye ulemavu. Yeye ataona kwa dakika moja jambo ambalo sisi wengine tungelipita bila kuliona. Mlipieni nauli, kwa kuwa hii ni kazi ya kikundi.

Fuateni njia yote, hatua kwa hatua

Msianzie mlangoni. Anzieni pale atakaposhuka kwenye matatu au bodaboda, mpaka chooni. Njia hii ni kama mnyororo: pingu moja ikikatika, zile nyingine zote hazina kazi.

1. Njia ya kufika. Je, kuna mtaro usio na kifuniko, matope, mchanga mwingi au changarawe? Magurudumu huzama na magongo huteleza. Kwa asiyeona, angalieni mashimo, na matawi au mbao zinazoning'inia usawa wa uso. Fimbo yake haizigusi. Ulizeni pia mvua ikinyesha njia inakuwaje.

2. Ngazi na mteremko. Hesabuni ngazi, mpime na kimo cha kila moja. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Tuseme kuna ngazi tatu za sentimita 15 kila moja. Jumla ni sentimita 45. Zidisha mara 12, unapata sentimita 540, yaani karibu mita 5 na nusu. Mkiweka ubao wa mita 2 tu, huo ni mlima, na kiti kinaweza kupinduka kurudi nyuma. Mteremko uwe imara, usiteleze, na pembeni uwe na ukingo mdogo wa kuzuia gurudumu lisitoke.

3. Mlango. Fungueni mlango, kisha pimeni ile nafasi ya kupita yenyewe, si ubao wa mlango. Isipungue sentimita 80. Sentimita 90 ni bora. Kama mlango una mabawa mawili na moja limefungwa kwa komeo, ulizeni kama litafunguliwa siku hiyo. Kizingiti kirefu pia ni ngazi.

4. Ndani ya ukumbi. Acheni njia ya sentimita 90 kati ya viti, na mahali pa kugeuzia kiti cha magurudumu, kama mita 1 na nusu kila upande. Toeni viti viwili vitatu katikati ya safu, ili mwenye kiti cha magurudumu akae na wenzake, asiachwe peke yake nyuma au njiani. Kisha tazameni jukwaa. Tumezoea kufikiri kwamba mtu mwenye ulemavu amekuja kusikiliza tu. Je, akichaguliwa mweka hazina, atapandaje kusoma ripoti? Kama jukwaa halina mteremko, basi viongozi wote wakae chini, usawa na wanachama.

5. Choo. Hapa ndipo kumbi nyingi huanguka. Choo kikiwa ni cha shimo cha kuchuchumaa, mwenye miguu dhaifu hawezi kukitumia. Seremala anaweza kutengeneza kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, cha kuwekwa juu ya shimo, kimo cha sentimita 45 hadi 50, na mbao za kushikilia ukutani. Mlango ufunguke kwa nje; ukifunguka kwa ndani, kiti cha magurudumu kikiingia hautafungika. Pimeni mlango huu pia, na njia ya kuufikia. Maji na sabuni viwe mahali ambapo aliyeketi anaweza kufikia.

6. Kusikia na kuona. Paa la mabati bila dari, mvua ikinyesha, hakuna anayesikia, sembuse mwenye masikio mazito. Jenereta iwekwe mbali. Kwa wasiosikia, tafuteni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya; kama mkutano ni wa kutwa, wawe wawili wapokezane, maana mikono na akili huchoka. Asimame penye mwanga usoni, si mbele ya dirisha, kwa sababu hapo atakuwa kivuli tu. Kwa wasioona, kila anayezungumza ataje jina lake kwanza, na kila kinachoandikwa ubaoni kisomwe kwa sauti. Mwenye ualbino apate mahali pasipo na jua kali, karibu na ubao.

7. Kutoka kwa haraka. Ukitokea moto, kuna mlango wa pili? Nao una ngazi? Usiwe umefungwa kwa kufuli.

Namna ya kuamua

Tuseme mmepata kumbi mbili. Wa kwanza ni mpya, una sakafu ya kung'aa, lakini uko ghorofani. Wa pili ni darasa la shule ya msingi: sakafu ni ya saruji ya kawaida, ngazi ni moja, na mlango ni mpana. Huo wa pili ndio wenu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180 tu, na fundi anaweza kuumaliza kwa siku moja. Lakini ghorofa hamtaishusha. Katika daftari lenu andikeni safu tatu: kilicho sawa, kinachoweza kurekebishwa kabla ya siku, na kisichoweza. Mkipata kisichoweza, hata kimoja, tafuteni mahali pengine. Hata chini ya mti panafaa, kama ardhi ni tambarare, kivuli kipo na choo kimetengenezwa.

Zungumzeni na mwenye ukumbi pia. Mteremko mzuri wa saruji utabaki wake, na utawafaa wazee, mama waja wazito na hata anayesukuma mkokoteni wa vyakula. Pengine atakubali kupunguza bei mkichangia saruji.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mkutano wetu uliopita, ni mwanachama gani hakuja au aliondoka mapema? Je, kuna aliyemuuliza sababu?
2. Mahali tunapokutania kila wiki, ni kitu gani kimoja tunachoweza kurekebisha mwezi huu? Kitagharimu pesa ngapi?
3. Je, kadi zetu za mwaliko zinauliza mtu anahitaji msaada gani ili ashiriki?

Kazi ya kufanya: kabla ya mkutano ujao, chagueni watu watatu, mmoja wao awe mwenye ulemavu. Wakague mahali penu kwa hatua hizo saba, walete vipimo, na vipimo hivyo viandikwe katika kumbukumbu za mkutano.