Bima ya Mifugo na Ukijani wa Malisho: Uchumi wa Ukame Kaskazini ya Kenya

Utangulizi

Aghalabu hudhaniwa kwamba ukame humdhuru mfugaji siku ile ng'ombe wake wa kwanza anapoanguka. Uchunguzi wa wanauchumi waonyesha kwamba madhara huanza mapema zaidi, na huendelea muda mrefu baada ya mvua kurudi. Katikati mna maamuzi mazito: kumuuza mnyama au kumweka, kula milo miwili au mmoja, kumwacha mtoto shuleni au kumtoa. Somo hili laeleza jinsi mwanauchumi Mkenya, Andrew Mude, alipokuwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo mjini Nairobi, yeye pamoja na wenzake walivyolichunguza jambo hilo, na jinsi walivyotumia vipimo vya setilaiti kuunda bima ya mifugo. Laeleza pia mahali ambapo bima hiyo haifiki.

Mfugaji na bei ya unga

Katika nyanda kame za Marsabit, Turkana, Wajir na Mandera, mvua hutarajiwa mara mbili kwa mwaka: kati ya Machi na Mei, na kati ya Oktoba na Desemba. Kilimo cha mahindi hakistawi katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mali ya watu ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mfugaji huishi kwa nyama na maziwa peke yake. Yeye huuza mnyama ili anunue unga, mchele, sukari na majani ya chai. Kwa hiyo chakula chake chategemea mambo mawili: idadi ya wanyama alio nao, na kiasi cha nafaka ambacho mnyama mmoja aweza kununua. Ukame hupiga pande zote mbili. Wanyama hukonda, wafugaji wengi hupeleka mifugo sokoni kwa wakati mmoja, na bei ya mnyama hushuka. Wakati huohuo bei ya nafaka aghalabu hupanda. Mbuzi yuleyule sasa hununua unga mchache. Njaa yaweza kuingia nyumbani ilhali dukani mna magunia ya unga.

Jambo hilo lilielezwa na mwanauchumi wa Kihindi, Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa. Alipochunguza njaa ya Ethiopia ya mwanzo wa miaka ya 1970, Sen alionyesha kwamba wafugaji walipoteza wanyama wao, na juu ya hasara hiyo thamani ya wanyama waliobaki ilishuka ikilinganishwa na nafaka.

Kizingiti cha umaskini

Mwaka 2004 wanauchumi, akiwemo Christopher Barrett wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafugaji Waborana wa kusini ya Ethiopia. Walifuatia kumbukumbu za mifugo za kaya kwa muda wa miaka 17. Waliona kwamba kundi lenye ng'ombe zaidi ya 15 hivi lilielekea kukua tena baada ya hasara, bali kundi lililoshuka chini ya hapo lilielekea kuzidi kupungua.

Sababu yake si muujiza. Ili kufuata malisho ya mbali, mfugaji huhitaji mifugo ya kutosha kuwalisha wale wanaosafiri nayo na wale wanaobaki nyumbani. Mwenye wanyama wachache hulazimika kukaa karibu na makazi, mahali ambapo nyasi zimekwisha kuliwa. Hapo wanyama wake hudhoofika zaidi.

Kwa hiyo hasara mbili zilizo sawa kwa hesabu si sawa kwa matokeo. Mtu aliyeshuka kutoka ng'ombe 40 hadi 30 amepoteza ng'ombe 10; aliyeshuka kutoka 18 hadi 8 amepoteza 10 vilevile. Wa kwanza amepata msiba ambao yamkini ataushinda. Wa pili amevuka kizingiti, na huenda asirudi tena katika ufugaji.

Kwa nini bima ya kawaida haikufaa

Bima ni mpango ambao watu wengi hutoa ada ndogo ili wale watakaopata hasara walipwe. Katika bima ya kawaida ya mifugo, mwenye mali huthibitisha kwamba mnyama wake amekufa. Mpango huo ulikutana na vikwazo vitatu katika nyanda za wafugaji wa kuhamahama.

Kwanza, ni gharama kubwa kumtuma mkaguzi mamia ya kilomita kuhesabu mizoga. Gharama hiyo yaweza kupita ada yenyewe. Pili, mfugaji huwajua wanyama wake kuliko kampuni, na wenye wanyama dhaifu ndio watakaokuwa wa kwanza kukata bima. Tatu, mtu aliyehakikishiwa malipo kwa kila mnyama anayekufa aweza kulegea katika utunzaji.

Kupima nyasi badala ya mizoga

Mude na wenzake waligeuza swali. Badala ya kuuliza ni wanyama wangapi wa mtu fulani waliokufa, waliuliza malisho ya eneo zima yako katika hali gani. Swali hilo laweza kujibiwa kutoka angani.

Jani lenye afya lina klorofili, ambayo hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu. Jani hilohilo huakisi kwa wingi miale ya infraredi iliyo karibu na mwanga mwekundu, miale ambayo jicho la binadamu haliioni. Jani linapokauka, tofauti hiyo hupungua. Setilaiti hupima miale yote miwili, na kipimo cha ukijani hupatikana kwa kanuni hii:

Ukijani = (infraredi − nyekundu) ÷ (infraredi + nyekundu)

Ichukuliwe kwamba malisho mabichi yameakisi 0.50 ya infraredi na 0.08 ya nyekundu. Ukijani wake ni 0.42 ÷ 0.58, yaani karibu 0.72. Malisho makavu yakiakisi 0.30 na 0.20, ukijani ni 0.10 ÷ 0.50, yaani 0.20. Kumbukumbu za vipimo vya namna hii zimekuwako tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Kwa hiyo msimu wowote waweza kulinganishwa na misimu mingi iliyopita.

Watafiti waliviunganisha vipimo hivyo na kumbukumbu za kila mwezi za vifo vya mifugo zilizokusanywa vijijini chini ya mpango wa serikali ya Kenya. Kutokana na hayo walipata njia ya kukadiria, kwa kutazama ukijani wa msimu, ni asilimia ngapi ya mifugo ya eneo itakufa. Bima hiyo ilianza kuuzwa Marsabit mwezi wa Januari 2010, na mkataba wa awali ulilipa pale makadirio ya vifo yalipozidi asilimia 15. Hakuna aliyehesabu mizoga. Na kwa kuwa kipimo ni kimoja kwa watu wote wa eneo, mfugaji hodari aliyewaokoa wanyama wake alilipwa sawa na jirani yake. Bidii haikuadhibiwa.

Mfano wa hesabu

Wanyama hugeuzwa kuwa vizio ili walinganishwe: ng'ombe mmoja ni kizio 1, ngamia mmoja ni vizio 1.4, na mbuzi au kondoo 10 ni kizio 1. Ichukuliwe kwamba mfugaji amekata bima ya vizio 10, na kila kizio kimethaminiwa shilingi 15,000. Jumla ya thamani ni shilingi 150,000. Makadirio ya vifo yakifika asilimia 33, ziada juu ya 15 ni asilimia 18. Malipo yatakuwa asilimia 18 ya 150,000, yaani shilingi 27,000.

Matokeo ya ukame wa mwaka 2011

Mwaka 2011 ukame mkali uliikumba Pembe ya Afrika, na mwezi wa Oktoba wafugaji wapatao 650 wa Marsabit walilipwa. Je, malipo hayo yalibadili maisha? Haitoshi kulinganisha waliokata bima na wasiokata, kwa kuwa huenda waliokata walikuwa tofauti tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo watafiti walikuwa wamegawa kwa bahati nasibu hati za kupunguziwa ada. Bahati nasibu haichagui tajiri wala maskini, na kwa njia hiyo athari ya bima yenyewe iliweza kutenganishwa na tabia za wanunuzi.

Wanauchumi Sarah Janzen na Michael Carter waliona jambo la kuzingatiwa. Kaya zenye mifugo mingi zilipungukiwa na haja ya kuuza wanyama. Kaya maskini, ambazo kwa kawaida hupunguza milo ili zisimpoteze mnyama wa mwisho, zilipungukiwa na haja ya kufunga mkanda. Malipo yaleyale yalilinda kundi katika nyumba moja, na sahani ya mtoto katika nyumba nyingine.

Baadaye mkataba ulirekebishwa. Badala ya kungoja makadirio ya vifo, malipo yalitolewa mapema malisho yanapopungua, ili mfugaji anunue majani, maji na dawa. Ni rahisi kumweka hai ng'ombe aliyepo kuliko kununua mwingine mahali pake. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kuzilipia ada kaya teule za Turkana na Wajir, kwa vizio 5 kila kaya.

Mahali ambapo bima haifiki

Setilaiti huona nyasi za eneo. Haioni zizi la mtu mmoja. Mnyama aweza kufa kwa ugonjwa, kuibiwa, au kuliwa na fisi katika msimu wa malisho mema. Mfugaji wa namna hiyo ametoa ada, amepata hasara, na hapati kitu. Msimu huo hali yake ni mbaya kuliko kama asingekata bima. Mwaka 2016 Mude na wenzake wenyewe walitangaza kwamba, kwa wastani, wenye bima walibaki na asilimia 69 ya hatari yao ya awali ya hasara kubwa. Kutangaza kasoro ya kazi yako mwenyewe ni sehemu ya sayansi.

Tatizo la pili ni tabianchi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilikuwa haba kaskazini ya Kenya, kusini ya Ethiopia na Somalia. Uchunguzi wa wanasayansi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba kuongezeka kwa joto duniani kulifanya ukame wa namna hiyo uwe na uwezekano mkubwa zaidi, angalau mara 100. Sababu kuu ilikuwa joto, ambalo hunyonya unyevu wa udongo na mimea hata pale mvua isipopungua sana.

Ada ya bima hukadiriwa kwa kumbukumbu za zamani. Misimu mibaya ikizidi, malipo huongezeka, na ada hapana budi ipande au mtu mwingine ailipe. Bima hugawanya hasara, haiiondoi.

Hitimisho

Utafiti huu wafundisha kwamba uhakika wa chakula haupimwi kwa mavuno peke yake. Hupimwa pia kwa uwezo wa kaya kuvuka msimu mbaya bila kuuza kile kitakachoilisha katika msimu mwema. Bima yaweza kuwa daraja la kuvukia. Lakini njia za kuhamia malisho, visima, chanjo za mifugo na barabara za kufikia soko ndizo nchi ambayo daraja hilo huielekea.

Maswali

1. Eleza kwa nini mfugaji aweza kukosa chakula ingawa nafaka ipo sokoni.
2. Mfugaji ana ngamia 5, ng'ombe 6 na mbuzi 20. Ana vizio vingapi?
3. Tafuta ukijani wa malisho yanayoakisi 0.45 ya infraredi na 0.15 ya nyekundu.
4. Kwa nini hati za kupunguziwa ada ziligawanywa kwa bahati nasibu?
5. Jadilini darasani: ikiwa ukame utazidi, ni nani anayepaswa kulipa ada ya bima ya mfugaji maskini, na kwa sababu gani?