SOMO: Danieli Alisoma, Kisha Akaomba

Hapa kambini tunaulizana kila siku: tutarudi lini? Danieli naye alizeekea ugenini, Babeli. Katika Danieli 9:2 tunamkuta akisoma kitabu cha Yeremia, akaona hesabu ya miaka 70; ndipo akafunga na kuomba. Hakutegemea habari za bombani kama sisi.

Tena, katika 6:10, amri ya siku 30 ilipotiwa sahihi, alipiga magoti mara tatu kwa siku kama desturi yake. Si simba waliomfundisha kuomba! Wengi wetu tunangoja mtoto apate homa, au majina yabandikwe.

Asiye na Biblia aketi na jirani, mmoja asome kwa sauti, hata mistari mitano kabla ya kuteka maji. Juma hili tuanze na Danieli 9.