UJASIRIAMALI HUANZA NA KIPIMO: SOMO LA GOROGORO, NJUGU NA MAZIWA

Mwaka huu nimepewa nafasi katika jarida letu niandike makala ya somo, nami nimechagua ujasiriamali. Najua kuna watakaoguna: "Ah! Hilo si la somo la Biashara? Kiswahili kinaingilia wapi?" Kinaingilia mlangoni kabisa, maana neno lenyewe ni la Kiswahili na yafaa tulifungue kabla ya kulitumia.

Maneno mawili ya kuanzia

Ujasiriamali limeungwa kwa ujasiri na mali. Mjasiriamali ni mtu anayethubutu kuitia mali yake katika jambo ambalo mwisho wake haujui. Ni neno zuri, lakini lisipoangaliwa hutupoteza, kwa sababu linatufanya tudhani kwamba ujasiri peke yake watosha. Wageni wa heshima wanapokuja kutuhutubia hutuambia tuthubutu, tuwe wabunifu, tusingoje kuajiriwa. Tunapiga makofi, halafu tunarudi darasani bila kujua kesho tuanze na nini.

Neno la pili ni kiwango. Hili huhusishwa na kitenzi cha kale kuwanga, yaani kuhesabu. Kiwango basi ni kitu kilichohesabiwa: uzani huu, ujazo huu, joto hili, siku hizi. Mtu akisema "mandazi yangu ni matamu", hiyo ni sifa. Akisema "kila andazi langu linatoka kwenye donge la gramu 60", hicho ni kiwango, na wewe unaweza kwenda na mizani ukamhakikisha.

Hoja yangu ni hii: mwanafunzi afundishwe kupima kabla ya kufundishwa kutafuta mtaji. Biashara ni ahadi, na ahadi isiyopimika ni maneno matupu. Tena vifaa vya kufundishia jambo hili tayari tunavyo katika maabara na jikoni mwa shule.

Kwa nini jambo hili latugusa sisi

Mtaa wetu wa Komarock uko kando ya Barabara ya Kangundo, na Kayole ni majirani zetu. Ukitoka nje jioni utawakuta mama mboga, muuza mandazi, wa omena, wa maziwa na wa mahindi. Si wachache miongoni mwetu waliolipiwa karo na vibanda hivyo. Na wanunuzi wengi hununua kwa kadogo: mafuta ya kupimiwa, sukari ya kufungwa, unga wa siku moja. Anayenunua kidogo kidogo hana mizani nyumbani. Anauamini mkono wa muuzaji, basi.

Hebu tuangalie gorogoro, lile kopo la mafuta ya kupikia ambalo mtaani ndilo kipimo cha mahindi na maharagwe. Sote tumewahi kuliona lililobonyezwa kitako likaingia ndani. Mwalimu wetu wa Biashara alileta makopo mawili darasani, moja zima na moja lililobonyezwa, tukayajaza maji na kuyamimina katika silinda ya kupimia. Lile la pili lilipungukiwa na mililita 250. Kisha tukachukua mahindi yanayojaza nafasi ya mililita 250 tukayaweka kwenye mizani: karibu gramu 190.

Mtu atasema, gramu 190 ni nini? Ni konzi chache tu. Haya, tupige hesabu. Familia inayonunua gorogoro mbili kwa wiki hupoteza gramu 380 kila wiki. Zidisha kwa wiki 52, utapata karibu kilo 20 kwa mwaka. Kwa kuwa gorogoro huhesabiwa mtaani kuwa kilo mbili hivi, hizo ni gorogoro kumi, chakula cha wiki tano! Kopo limegongwa nyundo mara moja tu, na watoto wa mtu wamekosa ugali wa zaidi ya mwezi mzima. Siku hiyo darasa lilinyamaza, jambo ambalo si la kawaida kwa Kidato cha Tatu.

Somo la njugu

Somo la pili lilikuwa la upande wa muuzaji. Kila kundi lilipewa kilo moja ya njugu karanga na kuambiwa lifunge pakiti 20 kwa kijiko, kwa kukadiria tu. Kilo ni gramu 1,000, kwa hiyo kila pakiti ingefaa kuwa gramu 50. Tulipozipima, nyepesi kuliko zote ilikuwa gramu 41 na nzito kuliko zote gramu 62. Mkono ni ule ule, kijiko ni kile kile!

Tuseme kilo ya njugu ni shilingi 300, yaani senti 30 kwa kila gramu, na pakiti inauzwa bob 20. Pakiti ya gramu 50 ina njugu za shilingi 15, kwa hiyo faida kabla ya gharama nyingine ni shilingi 5. Ile ya gramu 62 ina njugu za shilingi 18 na senti 60, na faida yake ni shilingi 1 na senti 40 pekee. Hapo muuzaji anafanya kazi ya kugawa sadaka bila kujua. Ile ya gramu 41 inampa faida ya shilingi 7 na senti 70.

Mwenzetu mmoja akaruka: "Si basi tufunge zote gramu 41!" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la maana kwa sababu ndilo swali la kila kibanda. Jibu liko katika hesabu ya wiki. Mteja anayenunua pakiti ya haki kila siku ya shule anakuletea shilingi 5 mara tano, jumla 25. Mteja uliyempunja anakuletea 7 na senti 70 leo, na kesho anahamia kwa jirani. Faida ya kupunja hupatikana mara moja, lakini faida ya kiwango hurudi kila siku.

Dawa yenyewe haikutugharimu hata ndururu. Tulikata kitako cha chupa ya plastiki iliyooshwa vizuri, tukatia njugu za gramu 50 zilizopimwa, tukachora mstari pale zilipofikia. Tulipofunga upya kwa kipimo hicho, pakiti zote ziliangukia kati ya gramu 48 na 52. Kumbe kiwango si lazima kiwe mashine ya bei ghali. Kinaweza kuwa mstari wa kalamu.

Maziwa na mahindi: ubora usioonekana

Uzani ni sehemu moja tu ya ubora. Kuna mambo ambayo jicho haliyaoni. Chukua maziwa. Msongamano wa maziwa mabichi ya ng'ombe, katika joto la nyuzi 20, hutakiwa kuwa kati ya gramu 1.028 na 1.036 kwa kila mililita. Maji ni 1.000 hivi. Ukitia maji katika maziwa, hesabu inashuka, na laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, kitazama zaidi na kukuumbua. Kipimajoto nacho lazima kiwepo, maana joto likibadilika na kipimo hubadilika. Hata hivyo, kipimo kimoja hakitoshi. Mjanja anaweza kutia maji, kisha akatia sukari ili laktomita ipande tena. Ndiyo sababu wakaguzi hupima zaidi ya jambo moja. (Na tukumbuke sheria ya maabara: chakula kilichopimwa katika vyombo vya maabara hakiliwi.)

Mahindi nayo yana adui wake, unyevu. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kinataka nafaka ya mahindi isizidi asilimia 13.5 ya unyevu. Kuna njia rahisi ya darasani: tia mahindi katika chupa kavu ya kioo hadi thuluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isipogandamana, tuna nafuu, lakini bado hatujathibitisha kwamba yamefika 13.5.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 katika sehemu za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao wakafariki. Hiyo Barabara ya Kangundo tunayoivuka kila asubuhi inaelekea huko huko Ukambani. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi. Sasa kiwango cha Kenya kinataka isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, na kipimo hicho ni cha maabara kubwa, si cha chupa ya chumvi. Kazi ya chupa ni kutuonya mapema, kabla kuvu hawajapata makao.

Viwango vya taifa

Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, liliundwa kwa Sheria ya Viwango, Sura ya 496, likaanza kazi mwaka wa 1974. Bidhaa iliyotengenezwa nchini na kutimiza kiwango hupewa alama ya usanifishaji, ile yenye herufi S, pamoja na nambari ya kibali. Ukiitilia shaka, tuma ujumbe wa simu wenye SM, alama ya #, na nambari hiyo kwenda 20023, nawe utaelezwa ni ya nani. Jaribuni leo na bidhaa yoyote iliyo nyumbani.

Viwango pia hulinda wengi dhidi ya makosa ya wachache. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Mwaka wa 1999 methali hiyo ilitimia neno kwa neno: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kutumia sumu ya wadudu. Marufuku haikuuliza nani alitumia sumu na nani alitumia nyavu. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilifungiwa soko, na mvuvi mwaminifu akalala njaa pamoja na mwenye hatia.

Karatasi ya kiwango

Kila kundi darasani liliandika karatasi moja kabla ya kuruhusiwa kuuza chochote siku ya wazazi. Ina maswali matano, na ninayatoa hapa ili kidato kingine kiyatumie:

1. Tunaahidi nini? (Andika kwa tarakimu, si kwa sifa.)
2. Tutapima kwa chombo gani?
3. Nani atapima, na kila baada ya muda gani?
4. Kisichofikia kiwango tutakifanyia nini?
5. Mteja akilalamika, atamwona nani, na atarudishiwa nini?

Swali la nne ndilo gumu. Kundi la mandazi liliandika kwamba donge lisilofika gramu 60 litarudishwa lifinyangwe upya kabla ya kukaangwa. Baada ya kukaangwa umechelewa, na hapo ndipo kishawishi cha kuuza tu huingia.

Kuna wanaosema viwango ni vya kampuni kubwa, na kwamba mwenye karai moja kando ya barabara hana haja navyo. Mimi naona kinyume. Kampuni kubwa ina matangazo ya redio ya kuitetea. Mwenye karai ana jina lake pekee, na jina hilo hujengwa kwa andazi la leo kufanana na la jana. Na siku atakapotaka kuomba alama ya S, au kuuzia duka kubwa, ataulizwa rekodi. Aliyeanza kuandika akiwa Kidato cha Tatu atakuwa nazo.

Waalimu wetu, ombi langu ni dogo. Mizani ya maabara isingoje mtihani wa Fizikia pekee. Iazimwe na somo la Biashara angalau mara moja kila muhula.

Zoezi

(a) Tofautisha uzani, ujazo na msongamano, kisha utunge sentensi moja kwa kila neno.
(b) Pakiti ya sukari imeandikwa gramu 500. Ukiipima unapata gramu 465. Familia inayonunua pakiti tatu kwa wiki hupoteza kilo ngapi kwa mwaka?
(c) Chagua bidhaa moja inayouzwa karibu na kwenu. Iandikie karatasi ya kiwango, kisha umwonyeshe muuzaji kwa adabu. Sikiliza atakachosema, uandike majibu yake, uyalete katika kikao cha kwanza cha Chama muhula ujao.